Mtoto wa tatu naye ahesabiwe

Suratul-Aadiyaat huanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio wakihema. Watoto wetu wa Dodoma huihifadhi mapema, ingawa katika nyanda hizi kavu wanyama wanaowajua ni ng'ombe, mbuzi na punda wa kubeba maji. Leo tutawazungumza farasi hao, kwa sababu wametufunza jambo kuhusu mashindano ya Qur'an ya madrasa zetu.

Mwaka 1936, katika Olimpiki ya Berlin, lilifanyika shindano la farasi lenye sehemu tatu: utii uwanjani, mbio ndefu za nyikani zenye vizuizi na maji, kisha kuruka viunzi. Kila kosa, kila anguko na kila ucheleweshaji uliandikiwa alama za adhabu, na mwenye chache ndiye mshindi. Nchi ilileta wapandaji watatu, na alama za wote zilijumlishwa. Mmoja akishindwa kumaliza, timu nzima ilitoka.

Konrad von Wangenheim wa Ujerumani alianguka nyikani akavunjika mtulinga. Alipanda tena, akamaliza. Katika kuruka viunzi, farasi wake Kurfürst akaanguka naye, akainuka, akamaliza. Ujerumani ikatwaa dhahabu. Kati ya timu 14, ni 4 tu zilizomaliza zikiwa kamili. Ya nne, Chekoslovakia, ilibeba zaidi ya alama 18,000 za adhabu, ilhali washindi hawakufikisha 700. Hata hivyo, mtu wao wa mwisho alifika.

Sisi tulifanya kinyume. Katika mashindano yaliyopita kila madrasa ilileta watoto watatu, nasi kamati tukaamua kuhesabu alama za aliye bora peke yake. Walimu wakamshughulikia mmoja. Wawili wakawa wa kujaza safu. Mtoto mmoja alimuuliza ustadhi wake asome kwa ajili gani ikiwa hahesabiwi. Baada ya hapo hakuonekana darasani kwa wiki kadhaa. Kosa lile si lake wala la ustadhi. Ni la kanuni tuliyoiandika sisi.

Lakini kuhesabu wote hakutoshi. Kule Berlin wapo farasi waliokufa mbioni, na jedwali la alama halikuwa na safu ya uchungu wao. Kumlazimisha dhaifu abebe mzigo wa mwenye nguvu nako ni dhulma.

Hapa tunarejea kwa Mtume (S.A.W.). Amepokea Ibn Umar (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliwashindanisha farasi waliofanyiwa maandalizi kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, mwendo wa maili 5 au 6. Wale ambao hawakuandaliwa walikimbia kutoka Thaniyyatul-Wadaa hadi msikiti wa Banu Zurayq, mwendo wa maili moja. Hakuna aliyeachwa nje, na hakuna aliyepewa masafa yasiyo yake.

Kwa hiyo tumependekeza kwamba safari ijayo alama za watoto wote watatu zijumlishwe, na kila mmoja apimwe kwa juzuu aliyosomeshwa. Nanyi wazazi, mtoto arudipo kutoka mashindanoni, msianze kumuuliza amekuwa wa ngapi. Muulizeni kama wenzake nao wamemaliza.

Wabillahi tawfiiq.