Sifa Isiyo Sifa

Ndugu msomaji, mara ngapi umesikia ikinadiwa kwa fahari, mimbarini na darasani, kwamba rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 alikuwa Mwislamu mwenzetu, Ahmad ibn Majid? Husemwa hivyo ili ijulikane kuwa Wazungu hawakuigundua njia ile, bali walionyeshwa. Nia ni njema. Lakini je, umepata kuuliza habari hii yatoka wapi?

Yatoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baada ya safari hiyo. Wala hakukusudia kumsifu Ibn Majid. Alidai kwamba Wareno walimlewesha, na katika ulevi wake akawaonyesha njia. Basi hiyo ndiyo nishani tunayomvisha mwenzetu: ulevi na usaliti!

Na ushahidi u wapi? Waandishi wa Kireno wa karne ya 16, Castanheda na Barros, wasema rubani yule alikuwa mtu wa Gujarat. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar, katika pwani ya Ghuba. Mawili hayo hayapatani. Sisi tulioamrishwa katika Sura Al-Hujurat kuchunguza habari tunazoletewa, hii tumeipokea bila ya kuuliza, kwa kuwa imetupendeza.

Tena njia hiyo haikuwa siri hata mtu aleweshwe ndipo aitoe. Yapata mwaka 1490, kabla merikebu ya Mreno haijaonekana Malindi, Ibn Majid alikwisha andika Kitab al-Fawaid. Humo alieleza nyota za kuongozea vyombo, majira ya kusi na kaskazi, na njia za Bahari ya Hindi. Na kimo cha nyota kilipimwa kwa vidole. Shairi lake la Sufaliyya laeleza njia ya kwenda Sofala. Hayo aliyaandika akiwa na akili zake timamu, ili mabaharia wayasome.

Hiyo ndiyo sifa yake, nayo yatosha. Mwaka 1971 G. R. Tibbetts alikichapisha kitabu hicho kwa Kiingereza, pamoja na maelezo marefu. Je, wewe unayejivunia jina la Ibn Majid, umesoma walau ukurasa mmoja wake? Wengine wamechukua elimu yake. Sisi tumebaki tukisimulia kisa cha mvinyo.