Riwaya ya Mapenzi Mkononi mwa Kijana: Sumu au Kinga?

Katika zahanati za Milima ya Upare, kuanzia Vudee na Suji hadi Gonja na Mamba, yuko mgonjwa ambaye wahudumu wa afya humtambua hata kabla hajaketi. Ni msichana wa kidato cha pili au cha tatu, amesindikizwa na mama au shangazi, na malalamiko yake ni mafupi: tumbo linauma. Akiulizwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho, huinamisha kichwa. Akiulizwa kama ana rafiki wa kiume, humtazama mama yake. Mhudumu mwenye haraka huandika kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Ukweli mara nyingi ni kwamba mgonjwa hana maneno. Viungo vya uzazi amevisoma kwa Kiingereza katika somo la biolojia. Mambo yale yale ameyasikia mtaani kwa lugha ya matusi. Kiswahili cha heshima ambacho kingemwezesha kusema yaliyompata bila kujidhalilisha, hakuna aliyempa.

Zamani Wapare hawakuliacha jambo hili lijiendee. Vijana walipelekwa mshitu, msitu wa jando, wakafundishwa wajibu wa utu uzima kwa nyimbo, mafumbo na hadithi, na wasichana nao walikuwa na wakubwa wao wa kuwafunda. Hakuna haja ya kuyatukuza yote yaliyofanyika huko. Mengine yaliumiza mwili na mengine yalimnyima msichana sauti. Hata hivyo palikuwa na mahali, wakati na mtu mzima aliyekabidhiwa kazi ya kusema. Shule, dini mpya na safari za kutafuta kazi zimeudhoofisha utaratibu huo, na pengo lake halijazibwa. Kijana wa Same wa leo, anayepanga chumba karibu na shule ya kata kwa sababu nyumbani ni mbali mlimani, hufundwa na simu, na rafiki wa rika lake, na wakati mwingine na mtu mzima mwenye pikipiki na nia mbaya.

Fasihi ya Kiswahili iliwahi kulitazama pengo hili kwa ujasiri. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, riwaya ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana, na kumlea kwa hofu pasipo mazungumzo. Rosa anapofika mbali na macho ya baba hana kipimo chochote cha ndani cha kumwongoza, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa madai kwamba inapotosha maadili. Miaka mingi baadaye ikarejeshwa na kusomwa darasani. Tabibu akiisoma leo hukuta humo maelezo sahihi ya chanzo cha maradhi. Ukali ulimfundisha Rosa kuogopa kugunduliwa, lakini haukumfundisha kujilinda.

Tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyotolewa miaka ya 1990 na Medical Aid Foundation, ilikwenda mbali zaidi. Ndani yake mzazi mmoja anaamini kwamba kumweleza mtoto habari za mwili ni kumharibu, na mwingine anaamua kumweleza binti yake ukweli. Anayeangamia ni mtoto aliyefichwa. Watu wa afya walioandaa kazi hiyo walielewa kwamba somo la UKIMWI likihubiriwa peke yake husahaulika, ilhali kisa cha Suzi na Joti hukumbukwa hata baada ya mtihani.

Wapo wazazi, walimu na viongozi wa dini ambao bado wana mashaka, na mashaka yao hayastahili dharau. Wanauliza: je, kisa cha mapenzi hakimwamshi mtoto aliyelala? Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule na maktaba kwa hoja ya kulinda mila na malezi, na wazazi wengi waliiunga mkono. Wasiwasi huo una msingi wake. Maandishi yanayouza picha ya mwili kwa ajili ya kusisimua yapo, na hayana nafasi mikononi mwa mtoto. Lakini riwaya inayomwonyesha kijana anayependa, anayebembelezwa, anayekataa au anayejuta, na kumwonyesha msomaji gharama ya kila uamuzi, ni kitu cha aina nyingine. Tathmini za kimataifa zilizokusanywa na UNESCO zimeonyesha kwamba elimu ya jinsia iliyopangwa vizuri haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Matokeo hayo yanahusu elimu, hayahusu riwaya, na si haki kuyanyoosha kupita kiasi. Yanatosha tu kuondoa hofu kwamba ukweli wenyewe ndio unaomwamsha mtoto.

Isitoshe, aliyelala ni nani? Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22. Ni nafuu, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Kwa mwili ambao haujakomaa, mimba huleta hatari ya kifafa cha mimba na uzazi pingamizi. Na panapokuwa na mvua za masika na barabara ya mlimani imekatika, uzazi pingamizi ni suala la saa chache. Wakati huo kimya hakimlindi mtu yeyote.

Riwaya ina faida moja ambayo kipeperushi cha afya hakina. Humwezesha kijana kusema habari zake kwa jina la mwingine. Muuguzi akimuuliza msichana, "Je, wewe umelala na mtu?" mlango hufungwa. Akimuuliza, "Unadhani Rosa angemwendea nani siku ile?" mlango hufunguka kidogo, na jibu mara nyingi huwa na habari za mjibu mwenyewe. Kliniki inayotenga saa moja kwa vijana kila wiki inaweza kuweka rafu ndogo ya vitabu vilivyopitiwa na mwalimu na mhudumu, ikasoma sura moja kwa sauti, kisha ikaacha maswali yaulizwe. Kitabu chenye kifo kama cha Rosa kisomwe pamoja na mtu mzima, si kwa upweke, na anayeguswa sana aitwe pembeni kwa upole.

Mazungumzo yakishaanza, mhudumu awe tayari na majibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya hatari hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema ndivyo bora. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Na kisa kinapofichua kwamba mtu mzima amemwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18, hapo hakuna fasihi tena. Kuna matibabu ya haraka, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Linalokosekana zaidi ni hadithi mpya. Rosa ni wa Ukerewe ya miaka ya 1960, naye aliadhibiwa kwa barua ya karatasi. Binti wa Hedaru au Chome anaandikiwa usiku kwenye simu ya kuazima. Anastahili kisa chenye soko la tangawizi, chumba cha kupanga, kwaya ya Jumamosi au Jumapili, na mvulana mwema ambaye naye anaogopa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imekwisha kuonyesha kwamba waandishi wapo. Waganga na wauguzi wanaweza kuwasaidia kwa kuwapa maarifa sahihi, na wazazi wanaweza kusaidia kwa kukisoma kitabu kabla ya kukihukumu.

Mama aliyemsindikiza binti yake zahanati naye alilelewa katika kimya kile kile. Wakisoma kitabu kimoja, huenda wote wawili wakapata maneno mapema, kabla tumbo halijaanza kuuma.