Tarakimu ishirini tu, mnalalamika nini?

Jana pale kimbweta tumebishana mpaka desa likasahaulika. Nilikuwa nawasimulia wenzangu habari za tarakimu za Kaktovik, jamaa mmoja wa mwaka wa tatu akaangua kicheko: "Kijiji kimoja cha huko kwenye barafu kipewe nafasi kwenye kompyuta za dunia nzima? Si watumie 1, 2, 3 kama sisi!" Usiku sikulala vizuri, bora niyatoe hapa.

Kwanza, Wainupiaq wa Alaska wanahesabu kwa ishirini, vidole vya mikono na miguu, siyo kwa kumi. Ukiwapa 1, 2, 3 unawalazimisha watafsiri kila hesabu kichwani. Wanafunzi wa shule ya pale Kaktovik waliigundua shida hiyo mwaka 1994, na hawakusubiri profesa. Walitunga wenyewe alama 20, sifuri mpaka 19: vijistari vya chini ni moja moja, vya juu ni tano tano. Ukiiona alama umeiona na thamani yake. Haya, sisi wasomi tumetunga nini?

Pili, hiyo nafasi yenyewe. Unicode, yaani lile daftari linaloipa kila herufi namba yake ili simu na kompyuta zielewane, ina nafasi zaidi ya milioni 1.1. Wao wamepata 20 tu, mwaka 2022, kwenye toleo la 15.0. Toleo hilo hilo liliingiza emoji ya punda, ya tangawizi na ya moyo wa pinki. Mbona hapo hukucheka?

Bila namba hiyo, tarakimu inabaki picha. Huwezi kuitafuta wala kuiandika kwenye meseji kama maandishi mengine. Mtoto anaijua darasani, akishika simu haipo. Miaka 28 hiyo!

Na watengeneza simu nao wasijipongeze. Nilipozibandika kwenye simu yangu nikaona vijiboksi vitupu, maana namba zipo ila fonti hakuna. Wekeni fonti!

Halafu jamaa yangu, hizo 1, 2, 3 unazoringia zilianzia India, zikapitia kwa Waarabu. Mwaka 1299 wabadilisha fedha wa Florence walikatazwa na chama chao kuzitumia kwenye daftari zao. Nazo zilichekwa. Leo unafanyia mtihani.

Nimemaliza. Anayebisha aje kimbweta, jioni nipo.