MTO KAWA UNA WENYEWE



Wako wanaosema kwamba gazeti la chama halina kazi ya kuandika habari za takataka, kazi yake ni siasa. Sisi tunajibu kwamba takataka ni siasa. Uchafu unatupwa wapi, nani analala karibu nao, nani analipa kodi ya kuuondoa, na kodi hiyo inakwenda wapi: hayo yote ni mambo ya utawala. Mtu anayetaka kujua mji wa Bukavu umetawalwa namna gani, asianze ofisini. Aende asimame kando ya mto Kawa, mara tu mvua inapokoma.

Wengi wetu wa Walungu tunaujua mto huo. Tunafika Bukavu na mihogo, maharagwe na ndizi zetu, tunauza sokoni Kadutu, tunarudi na chumvi na sabuni. Kawa unateremka kati ya nyumba zilizobanana za Kadutu na kuingia katika ziwa Kivu. Na ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapo hapo Bukavu na kushuka mpaka ziwa Tanganyika. Basi chupa iliyotupwa Kadutu asubuhi haipotei. Inaanza safari.

Tukumbuke jinsi mambo yalivyoanza. Wabelgiji walipojenga mji huu, ambao kwa miaka mingi waliuita Costermansville, walijiwekea wao wenyewe rasi nzuri za ziwani, penye upepo na nafasi. Watu weusi, waliokuwa wakifanya kazi za mji huo, waliwekwa mbali, Kadutu na Bagira. Mitaa hiyo ilipimwa kwa ajili ya wafanyakazi wachache. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 watu waliongezeka, lakini mifereji haikuongezeka. Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Watu wa vijiji vyetu walikimbia mauaji na kutafuta usalama mjini. Walijenga palipobaki: kwenye miteremko na ukingoni mwa mito. Huko Funu, ndani ya Kadutu, wataalamu wamepima na kuona kwamba ardhi yenyewe inateleza polepole, na juu yake watu wamejenga nyumba.

Je, ni sheria iliyokosekana? Hapana. Tarehe 1 Julai 1914 Wabelgiji walitoa amri ya kukataza kuchafua chemchemi, maziwa na mito ya Kongo. Mwaka 2011 ilitoka sheria ya kulinda mazingira. Tarehe 31 Desemba 2015 ilitoka sheria ya maji. Tarehe 30 Desemba 2017 ilitoka amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Tangu amri ile ya kwanza zimepita zaidi ya miaka 100. Tumetawaliwa na Wabelgiji, tumetawaliwa na Mobutu, tumeona serikali nyingi baada yake, na mwezi wa Februari 2025 mji ukashikwa na M23. Watawala walibadilika. Uchafu wa Kawa haukubadilika. Sheria isiyo na mtu wa kuitekeleza ni karatasi, na karatasi nayo hutupwa mtoni.

Wenzetu wanaokaa mbali na mto wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Kwenye Ruzizi lipo bwawa la umeme lililojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni, Ruzizi ya kwanza, na chini yake Ruzizi ya pili iliyokuja mwaka 1989, ambayo Kongo inashirikiana na Rwanda na Burundi. Takataka za mji zinaelea ziwani mpaka kwenye bwawa la kwanza na kuziba njia ya maji. Wafanyakazi wanazitoa kwa mashua, na wengine wanapiga mbizi kuzing'oa chini. Mashine ikikwama, taa zinazimika. Basi mwenye nyumba nzuri ziwani, anayewacheka watu wa Kadutu kwa uchafu, analala gizani kwa uchafu ule ule.

Wachimba madini hawahitaji mwalimu katika jambo hili. Wewe unayeosha kasiterite au dhahabu unajua kwamba maji ya kuoshea ni ya watu wote walio kwenye kijito. Anayeosha juu akimwaga udongo wake ovyo, wa chini anaosha matope siku nzima na jioni hana kitu. Ndiyo maana penye machimbo yenye utaratibu watu hukubaliana: nani anaosha wapi, na udongo unawekwa wapi. Asiyefuata anaitwa na wenzake. Kama watu wa machimbo wanaweza kupatana juu ya kijito kimoja, mji mzima unashindwaje?

Wengine wanasema dawa ni kuwafukuza maskini waliojenga ukingoni. Hatukubali dawa hiyo ikiwa peke yake. Ni kweli kwamba mtu asilale mahali ambapo mto utamchukua usiku. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, mito ilifurika na kuua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi, nasi hatutaki kuzika hivyo tena. Lakini kumwondoa mtu bila kumwonyesha kiwanja kingine ni kumpeleka kwenye mteremko mwingine. Na nani alimuuzia kiwanja hicho? Nani alitia mhuri kwenye karatasi yake? Huyo naye aitwe.

Tena tusidanganyane na Salongo. Tangu zamani za Mobutu tunaitwa kusafisha. Tunazoa matope mferejini, tunayalundika kando, kila mtu anarudi nyumbani. Mvua ya usiku inayarudisha yote mahali pake. Kazi ya mikono bila gari la kubeba uchafu ni kazi ya bure.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila mto wa mji uwe na kamati ya wakaaji wake, wa juu na wa chini pamoja, yenye haki ya kumwita mchafuzi, awe maskini au tajiri. Pili, kila soko liwe na mahali pa kutupia takataka na siku inayojulikana ya kuziondoa. Tatu, kodi inayotozwa wauzaji iandikwe kitabuni, na kitabu kisomwe mbele ya watu: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka kwa ajili ya usafi. Nne, asiuze mtu kiwanja ukingoni, na aliyeuza arudishe pesa.

Hatumwombi mtu huruma. Yeyote anayepokea kodi ya mji, awe nani, amepokea na deni lake. Nasi tuache kusema kwamba mto hauna mwenyewe, kwa maana neno hilo ndilo linalompa nafasi kila mwenye kutupa na kila mwenye kula kodi. Wenyewe wa Kawa ni wale wanaokunywa, wanaofua na wanaozikwa kando yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane, tuchague kamati, tudai kitabu.