Asiyepona Naye Apimwe Homa

Katika karne ya 19, mpagazi aliyeugua kwenye njia ya misafara ya Tabora aghalabu aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukapewa mwingine. Siku hizi mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani Kipalapala baada ya matibabu kushindikana haachwi njiani, lakini huweza kuachwa kwa namna nyingine. Akishikwa na homa, watu husema ni saratani yenyewe, na hapimwi.

Ni kweli kwamba saratani huweza kuleta homa. Hata hivyo Tabora ni mkoa wa malaria, na tone moja la damu hutoa jibu kwa muda wa robo saa hivi. Aidha, saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, huweza kuziba njia za mkojo, mkojo ukatuama na kuota vijidudu. Utando mweupe kinywani mara nyingi ni ukungu. Ukitibiwa kwa nistatini au flukonazoli, mgonjwa humeza tena uji wake.

Linalostahili kutiliwa mkazo zaidi ni uvundo. Uvimbe uliopasuka huingiwa na vijidudu visivyohitaji hewa, na harufu yake huwafukuza majirani, pengine hata wajukuu. Metronidazoli, dawa ile ile ya kuhara damu, ikisagwa na kunyunyizwa kidondani huupunguza uvundo huo. Saratani inabaki pale pale, lakini mama anaketi tena na wageni wake. Hapana sababu ya kumnyima mtu jambo hilo kwa bei ya vidonge vichache.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili: kila joto likipanda, sindano ya viuavijasumu vikali, bila kipimo. Hilo hukuza usugu wa vijidudu. Na mtu aliyebakiwa na siku chache, dripu na safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam humwongezea mateso tu. Huyo aulizwe kinachomsumbua, apewe cha kutuliza homa na maumivu, na uamuzi wake uheshimiwe.

Kazi hiyo haimngojei daktari bingwa. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini tangu mwaka 2004. Muuguzi wa zahanati ya kijijini aweza kufika nyumbani kwa baiskeli, akiwa na kipimo cha malaria, vidonge vile vya kusaga, na nafasi ya kuketi kitandani pa mgonjwa.