Jirani, Tuipime Intaneti Kabla ya Kuilipia

Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, nanyi mlioko machimboni Nyarugusu, Mgusu na Kakola: nina ombi moja. Kabla hujatoa fedha ya kufungiwa intaneti nyumbani, pita kwa majirani watatu walio karibu nawe kabisa, uwaulize wanapata nini hasa ifikapo saa mbili usiku. Watakachokuambia kiandike. Na wewe ukishafungiwa, andika unachopata ili anayekuja nyuma yako asibahatishe.

Wanaohitaji intaneti ya kudumu nyumbani ni wengi kuliko tunavyodhani. Mkandarasi mdogo wa Geita anayetaka zabuni ya kujenga darasa lazima apite kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali ulioanza kutumika mwaka 2023. Binti aliyemaliza kidato cha sita Kishapu anaomba mkopo wa chuo mtandaoni. Mnunuzi wa dhahabu anafuatilia bei ya dunia asubuhi na jioni. Wote hawa huanza na bando la simu, bando likaisha katikati ya fomu, ndipo wanaanza kuulizia ruta ya nyumbani au faiba. Hapo ndipo wanapokutana na mabango na vijana wa mauzo wenye fulana za rangi kali.

Habari ya mizani sisi wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa vituoni, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito kabla mnunuzi hajaandika stakabadhi. Harakati hizo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa waliozisukuma, ndizo zilizozaa ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, linaendeshwa kwa msingi huohuo: dhahabu inapimwa uzito na usafi kwanza, fedha inafuata. Cha ajabu, mtu aliyebishana nusu saa juu ya pointi chache za gramu anaweza kutoka pale akaenda kusaini mkataba wa intaneti wa mwaka mzima kwa kuwa bango lilikuwa na namba kubwa.

Namba yenyewe tuitazame. Spidi inayotangazwa ni megabiti kwa sekunde, wakati mafaili yetu tunayapima kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Ukiuziwa megabiti 10, hata siku mambo yakienda vizuri kabisa utapata megabaiti 1.25 kwa sekunde, maana yake faili la gigabaiti moja litachukua kama dakika 13. Tena bango likisema "hadi megabiti 20", kilichotajwa ni kiwango cha juu. Cha chini hakijaandikwa popote, na ndicho utakachoishi nacho jioni.

Sasa, intaneti inayofika Kahama inatoka mbali. Inaingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, inapokelewa Dar es Salaam, inasafiri bara kwa njia kuu kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009. Njia hiyo ndefu huna namna ya kuichagua. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, nchi yetu yote iliyumba, aliyelipia ghali na aliyelipia rahisi. Chaguo lako liko kwenye kipande cha mwisho, kile cha kutoka kituo cha mtoa huduma hadi ukutani kwako, na ubaya au uzuri wa huduma nyingi huanzia hapo.

Kipande hicho kikiwa ni faiba, una bahati. Uzi wa kioo hausumbuliwi na mvua wala na wingi wa simu barabarani. Lakini uliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana: je, kebo imeshafika kwenye nguzo ya mtaa wangu leo? Jibu la "iko njiani" lina umri mrefu. Usilipe kwa sababu yake. Uliza pia fundi anakaa wapi. Greda la barabara likikata kebo Jumamosi, au vijana wanaochimba mtaro wa bomba wakaikwangua, kuna tofauti kubwa kati ya fundi anayetoka Kahama mjini na yule anayesubiri gari kutoka Mwanza. Kwangu mimi swali la fundi lina uzito kuliko swali la spidi. Megabiti 10 zinazorudi kesho yake ni bora kuliko 50 zinazorudi baada ya wiki mbili.

Wengi wetu nje ya mji tutatumia ruta ya laini, inayovuta kutoka mnarani. Hapa mambo ya machimbo yanaingia. Mnara uliowekwa kwa ajili ya kijiji tulivu unaweza kujikuta unahudumia umati uliofuata rashi, maana dhahabu ikisikika imetoka mahali, watu wanahamia kwa maelfu na kila mmoja ana simu mfukoni. Mnara unagawana uwezo wake kwa wote waliounganishwa. Asubuhi, wachimbaji wakiwa mashimoni, ruta yako inakimbia. Wakirudi jioni wakaanza kutazama mpira, inazunguka tu. Kwa hiyo kipimo cha saa nne asubuhi, ambacho ndicho muuzaji atakuonyesha, hakina maana kubwa. Ongeza na vilima vya Geita vinavyoweza kukaa katikati yako na mnara, na bati la paa ambalo huzuia mawimbi. Ruta ikae karibu na dirisha linaloelekea mnara, juu, mbali na kabati la chuma. Nyumba iliyofichwa na kilima huenda ikahitaji antena ya nje, na gharama yake ijulikane kabla ya kulipa.

Kupima ni rahisi. Azima laini ya mtandao unaoufikiria, iweke kwenye simu yenye 4G, simama pale pale ruta itakapokaa, kisha fungua programu ya kupimia spidi. Pima asubuhi, pima mchana, pima saa mbili hadi saa nne usiku, na ukibahatika, pima mvua ikinyesha. Kumbuka kila kipimo kinakula bando. Andika namba tatu: spidi ya kupakua, spidi ya kupakia, na muda wa kwenda na kurudi unaohesabiwa kwa milisekunde. Ile ya kupakia wengi huipuuza, halafu wanashangaa kwa nini nyaraka za zabuni hazipandi au kwa nini mama anawaona watoto wake Dar es Salaam lakini wao hawamwoni.

Umeme nao ni sehemu ya intaneti. TANESCO wakikata, ruta inazima hata kama faiba ni nzima, kwa sababu kisanduku cha ukutani kinahitaji umeme. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na umeme kidogo sana, kwa hiyo kuna betri ndogo za ruta zinazoweza kuibeba kwa saa kadhaa. Waulize majirani pia kama mnara wenu hubaki hewani umeme ukikatika muda mrefu. Na wingu likijikusanya, chomoa. Radi ya Kanda ya Ziwa mnaijua wenyewe. Faiba haipitishi umeme, lakini waya wa soketi unaupitisha, na ruta nyingi hufia hapo.

Kwenye karatasi, soma polepole. Intaneti "isiyo na kikomo" mara nyingi ina kiwango ambacho ukikivuka spidi inashushwa hadi mwezi mwingine. Uliza kiwango hicho ni gigabaiti ngapi na spidi inashuka hadi wapi. Ruta ni yako au ya kampuni? Ukihama kutoka Tinde kwenda Katoro, unahama nayo? Imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine? Ukitaka kuvunja mkataba, unadaiwa nini? Majibu yawe kwenye maandishi. Fedha ilipwe kwa kampuni yenyewe, upewe risiti. Usimpe mtu aliyekuja na ngazi na namba yake binafsi ya simu. Vishoka wa umeme tunawafahamu, na wa intaneti wameshaingia. Mtoa huduma halali ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na hakuna ubaya kumwomba aionyeshe.

Haya yote mtu anaweza kuyafanya peke yake, ila peke yake hana nguvu. Ombi langu kubwa ni kwa mitaa na vitongoji. Kuwe na daftari moja kwa mwenyekiti wa mtaa, au kundi la WhatsApp lenye kazi hiyo tu, ambamo kila kaya inaandika mtoa huduma, aina ya huduma, bei, vipimo vya usiku, na siku ambazo huduma ilikatika. Kaya 30 zikiandika kwa mwezi mmoja, mtakuwa na kitu ambacho hakuna bango litakalowapa. Kampuni huangalia wateja watakaopatikana kabla ya kuvuta kebo. Mkienda kaya 30 na majina yenu mkononi, mazungumzo yanabadilika. Malalamiko nayo yanakuwa na tarehe na namba badala ya hasira. Anza kwa mtoa huduma, omba namba ya lalamiko, na asipolishughulikia peleka TCRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kusimamia upande wetu. Msidhani sauti haifiki. Aprili 2021 bei za vifurushi zilipobadilishwa na wananchi wakapiga kelele, serikali ilisitisha mabadiliko hayo.

Waheshimiwa madiwani, ninyi mna mlango mwingine. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa fedha za mipango hiyo, na ni jambo jema. Mpango ujao ukija mezani Geita au Msalala, ulizeni pia shule ya sekondari na kituo cha afya vitaunganishwa na nini, nani atalipia kila mwezi mradi ukiisha, na vipimo vya huduma vitabandikwa wapi ili wazazi wavione.

Nanyi mnaouza intaneti katika miji hii, bandikeni dukani ramani ya mitaa ambayo kebo yenu imefika kweli, na namba ya fundi wa zamu.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa, ombeni dakika kumi kwenye mengineyo. Mtu mmoja aje na daftari, mmoja aje na simu yenye 4G, na mchague kaya tano za kuanzia, ikiwemo ile iliyo nyuma ya kilima ambako mtandao husumbua kuliko kwingine. Vipimo vya kwanza vichukuliwe usiku huohuo.