Fomu za Tarakilishi Zisiwapokonye Watoto Wetu Majina

Hebu tumfikirie binti wa Njoro ambaye jina la babake ni Ng'eno. Amehitimu kidato cha nne, ameingia katika saiba mjini Nakuru, naye anajaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Anapobonyeza kitufe cha kuwasilisha, mtambo unamjibu kuwa jina lake lina alama isiyokubalika. Kwa kuwa kila dakika inalipiwa, anaiondoa ritifaa na kuandika Ngeno. Tangu siku hiyo, jina la cheti chake na jina la ombi lake ni mawili.

Wenzake si haba. Kuanzia Bahati hadi Molo, na kutoka Bomet hadi Kericho, wamejaa akina Ng'ang'a, Kang'ethe na Ng'etich. Isitoshe, ng' ni sauti halisi ya Kiswahili. Anayeikataa amemkataa hata ng'ombe!

Watungaji wa programu hujitetea kuwa ritifaa ni hatari. Ni kweli kwamba katika lugha ya hifadhidata alama hiyo hufunga maneno, na mhalifu anaweza kuitumia kupenyeza amri zake. Hata hivyo, dawa ipo. Kiunzi cha programu kama Django, kilichotolewa kwa umma mwaka wa 2005, hupeleka amri kando na jina kando, hivyo jina haliwezi kugeuka amri. Fauka ya hayo, humwezesha mtungaji kumrudishia mwombaji fomu pamoja na yote aliyokwisha kujaza, kosa likiwa limeonyeshwa mahali pake. Ombi likishapokewa, mwombaji hupelekwa kwenye ukurasa mwingine, ili asije akaliwasilisha mara mbili bila kukusudia.

Basi lawama si ya mtambo, ni yetu tunaofundisha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa raia haki ya kudai rekodi zenye makosa zirekebishwe, lakini kwa nini tungoje kujenga ukuta ilhali ufa tunauona?

Nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi akikuletea fomu aliyoitunga, usimtuze alama hata moja kabla ya kuijaribu kwa jina la Ng'ang'a. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba mtu hukosea kujaza tarehe, lakini hakosei kuitwa jina alilopewa na wazazi wake.